"Ni Yule Mama Anayenisuka"

Leo binti yangu amenikana mbele ya wateja wangu.

Aline yuko Japani, amekwenda kutembea na mchumba wake na wakwe. Asubuhi alinipigia video hapa saluni kwangu, mtaa wa Bertrams. Nikaacha kusuka, wateja wakanizunguka.

Jamani, kule ni kuzuri! Mji wa mahekalu ya zamani, malango mekundu makubwa. Kulungu wanatembea barabarani, wanawainamia watu wapewe biskuti.

"Mama, ona, wanakusalimia!"

Mara sauti ya mama mkwe, kwa Kiingereza: "Unaongea na nani?"

Aline akashusha simu. Nikabaki naona mawe ya barabara tu, lakini jibu lake nililisikia.

"Ni yule mama anayenisuka nywele."

Eish.

Mteja niliyekuwa namsuka akanishika mkono: "Labda hukusikia vizuri, Mama Aline."

Nilisikia. Hicho Kiingereza alikisomea kwa jasho la vidole hivi.

Sasa hivi amenitumia picha: "Mama, umeona wanavyoinama?"

Nimeandika: "Nimeona, mteja wangu."

Bado sijatuma. Wazazi wenzangu, ninyi mngetuma?