Emilia anaifundisha kompyuta saa za baba yake

Saa mbili asubuhi, mjini Newala, ukungu bado umeshikilia mapaa. Emilia Nathanaeli anapangusa vumbi jekundu kwenye kibodi kwa kipande cha khanga, anafunua printa, anawasha kompyuta na kuisubiri ikoromekorome mpaka itulie. Mteja wa kwanza kaleta risala ya harusi. Anaichapa haraka, maana kesho alfajiri basi la Dar es Salaam, kupitia Masasi, litaondoka na disketi ya programu aliyoiandika mwenyewe, na umeme wa mgao hukatika saa sita.

Huko Dar es Salaam, Mwalimu Cuthbert, mtaalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, anatafuta msaidizi wa kumwandikia programu. Hakudai shahada. Kila mwombaji achague nyota, aitazame miezi mitatu, kisha aandike programu ya kutabiri itazuka saa ngapi. Basi la kesho likimpita, maombi yatafungwa.

"Nyota unaitazama mara moja, hesabu zake ni maelfu," anasema mwalimu huyo kwa simu. "Asiyejua kuiagiza kompyuta atabaki kulishangaa anga."

Emilia, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, amechagua Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa uwanda huu hulitazamia kabla ya kushika jembe.

Alisoma Lulindi, akaishia kidato cha nne. Biashara huria iliporuhusiwa nchini na kompyuta zikaanza kuingia madukani, alijifunza kuchapa huko Masasi. Mwenye duka akampa kitabu chakavu cha Pascal, lugha ya kuandikia programu, kwa kuwa hakuna aliyekitaka.

"Nilikisoma kama ninavyochambua mchele," anasema. "Jambo gumu naliweka kando, kesho nalirudia."

Sasa, katika duka hili la uchapaji, analipwa shilingi elfu arobaini kwa mwezi.

Mwezi Agosti Kilimia huzuka watu wamelala, ila walinzi. Baba yake, Mzee Nathanaeli, alipunguzwa kazi kiwanda cha korosho kilipouzwa. Sasa analinda ghala la mnunuzi binafsi. Kila asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, wakila mihogo kwa chai, alimweleza binti yake Kilimia kilichomoza saa ngapi. Emilia akaenda kazini na kuchapa vilevile alivyoambiwa. Oktoba ilipofika, Kilimia kikawa kinatoka mapema, akakitazama mwenyewe na kuandika kwa saa ya kompyuta.

Juzi aliiendesha programu. Kompyuta ikajibu kwamba mwezi Agosti Kilimia huzuka asubuhi, jua limeshapanda. Mwajiri wake, Mama Anderson, alicheka mpaka akakaa chini, akasema hata kuku wanajua nyota haianikwi pamoja na makopa ya muhogo.

Emilia alikagua kanuni zake mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Alikuwa karibu kukata tamaa, lakini jana, chai ikiwa mezani, alimuuliza tena baba yake kuhusu siku ile ya kwanza.

"Saa nane," mzee akajibu.

"Saa nane ya mchana au ya usiku, baba?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mchana mimi nalinda nini?"

Hapo ndipo alipoona. Kwa baba yake usiku huanza kuhesabiwa jua likizama. Kompyuta huanza siku yake saa sita usiku. Ile nane ya mzee, mashine imeihesabu kuanzia hapo, ikaisoma kuwa saa mbili asubuhi.

Angeweza kufuta namba zote za mzee na kuzichapa upya. Badala yake ameongeza kanuni ndani ya programu: saa ya mlinzi ijumlishwe kumi na nane, ikifika ishirini na nne, hizo zitolewe.

"Baba asibadilishe saa zake kwa ajili ya mashine," anasema. "Mashine ndiyo iliyokuja juzi."

Kabla umeme haujakatika, anaiendesha tena. Kilimia kinarudi usiku, mahali pake. Anainakili programu kwenye disketi na kuifunga kwa karatasi ya nailoni. Akichaguliwa, anasema, atawaomba walinzi wa Masasi, Nanganga na Lisekese wamtazamie nyota, kila mmoja kwa saa anazozijua. Asipochaguliwa, atawaomba vilevile.

Mzee Nathanaeli, akitoka zamu, ndiye atakayempelekea kondakta wa basi disketi hiyo. Emilia amemkumbusha mara mbili kuwa basi huondoka saa kumi na moja alfajiri.

"Hiyo usinifundishe," mzee amemjibu. "Hiyo ni saa yangu."