Karatasi za Sukari na Mbegu za Mavyaa

Wasomaji, msinipe pole. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu nilijichoma mwenyewe, mchana kweupe, huku nikiimba. Nimenyamaza zaidi ya mwaka. Sasa siwezi tena.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni Mpokomo, mke wa mtu, nakaa kando ya mto karibu na Garsen. Nilisoma kwa wamisheni hadi darasa la nne, na hilo ndilo lililoniponza. Aliyesoma kidogo hujiona anajua hata asichofundishwa.

Balaa lenyewe lilikuja limefunga sukari.

Sukari tunanunua kwa Bwana Omari, mtu wa Kipini, mwenye duka karibu na kivuko. Wakati ule mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amehama na mumewe, akaacha nyuma rundo la vitabu vya picha vya Ulaya, vile vikubwa vyenye karatasi laini. Omari akavichukua. Akawa anachana ukurasa mmoja mmoja, anafungia watu sukari na majani ya chai.

Nikafika nyumbani, nikamimina sukari koponi, nikabandika ugali, nikaikunjua karatasi nichochee moto. Lo! Nilichokiona!

Ilikuwa picha ya sebule. Kuta nyeupe pepepe. Pazia dirishani. Maua ndani ya jagi, bakuli la matunda juu ya meza, kizulia kidogo mlangoni. Mtu hayumo. Kinu hakimo, jembe halimo, kuku hayumo, wala moshi haumo. Nilikaa chini nikaitazama mpaka ugali ukaungua.

Kisha nikainua macho nikaitazama nyumba yangu. Mafiga matatu katikati, moto unafuka. Juu ya moto uchaga wa miti, mweusi tititi. Juu ya uchaga, vichala vya mpunga na mahindi ya mbegu, vimening'inia vimejaa masizi. Nikaona haya! Haya ya bure jamani, kama kwamba mama mwenye sebule ile ya Ulaya angevuka mto kesho aje kunitembelea.

Tangu siku ile nikawa mteja mkubwa wa sukari. Nilikuwa nasimama dukani nachagua. "Si hiyo ya ng'ombe, Bwana Omari. Nifungie na ile ya kitanda."

"Mwanangu, wanunua sukari ama wanunua karatasi?"

"Vyote viwili."

Akatikisa kichwa. "Haya. Lakini nakwambia, usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikacheka. Nilidhani anasema mambo ya mikeka. Mume wangu, ambaye ni msimamizi wa kivuko na si mtu wa maneno mengi, naye akauliza siku hizi chai ina nini, mbona kijiko kinasimama chenyewe. Nikamwambia sukari inatia nguvu.

Sasa niwaeleze juu ya mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, maana bila yeye hamtajua uzito wa kosa langu. Tunakaa naye nyumba moja. Hajui kusoma. Lakini kwetu sote kando ya mto anajulikana kuwa ana mkono wa mbegu. Wakati wa mavuno yeye ndiye hupita shambani kwanza, anachagua mashuke, anayaanika, anayafunga vichala, anavitundika juu ya moshi. Mbegu aliyoifunga yeye haibunguliwi. Wanawake walikuwa wakimletea zao awafungie, na wengine walisema ni dua. Mwenyewe alikuwa akisema, "Dua gani? Ni moto tu."

Mwaka ule binti yake aliyeolewa Ozi akajifungua, naye mavyaa akaenda kumlea mzazi. Miezi mitatu. Siku ya kuondoka, mguu mmoja umo mtumbwini, akaniambia neno moja.

"Moto usizimike, mwanangu. Mengine fanya upendavyo."

Mimi nikayafanya hayo mengine. Na moto nikautoa nje!

Sikungoja hata juma liishe. Mafiga nikayahamishia uani. Uchaga nikaubomoa. Kuta nikazipaka chokaa mara tatu mpaka weusi ukafa. Pazia nikashona la amerikani. Sikuwa na jagi, nikachukua kopo la samli nikatia mayungiyungi kutoka ziwani. Bakuli la maembe juu ya meza, marufuku kuguswa. Binti yangu Sara, wa miaka mitano, akayazunguka siku nzima, kisha akaniuliza, "Mama, haya maembe yamekosa nini?"

Mlangoni nikatandika mkeka mdogo, kila aingiaye afute miguu. Watu wenyewe hawana viatu, kwa hiyo walikuwa wakifuta nyayo, wakitoka wanazichafua tena, wakirudi wanafuta. Wanawake wakaja kutazama. "Ama kweli kusoma ni kuzuri!" Nami nimesimama nimekunja mikono, utadhani niliijenga Ulaya yenyewe.

Na mbegu? Nilizitia ndani ya debe, nikalifunika kwa kifuniko, nikalisukuma uvunguni. Katika picha nilikuwa nimeona makopo yamepangwa safi kwenye rafu. Nikasema, kumbe wenzetu huweka hivi. Mume wangu, mtu wa kushinda kivukoni, alidhani nimezitundika jikoni uani, na wale wanawake hawakuuliza.

Mtu mmoja tu hakusifu. Halima, Muorma, rafiki yangu, aliyekuwa akituletea maziwa kila baada ya siku mbili. Aliingia na kibuyu chake, akasimama katikati ya nyumba, akanusa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Halima! Nimepamba."

"Nyumba iko baridi. Hapana moshi." Akanyanyua kibuyu. "Mimi hii nafukiza moshi kila siku. Hapana fukiza, maziwa naoza. Mbegu yako wapi?"

"Ipo mahali pazuri."

Akanimiminia maziwa, akaondoka. Hakufuta miguu.

Miezi mitatu ikapita mbio. Mwenye mtumbwi mmoja kutoka Ozi akaleta salamu: mama anarudi kesho kutwa. Wasomaji, ile fahari yote ikayeyuka! Nilisimamisha uchaga upya jioni ile ile. Mafiga nikayarudisha ndani, nikawasha kuni mbichi makusudi moshi uwe mwingi. Vichala nikavitoa kwenye debe nikavitundika harakaharaka, wala sikuvitazama. Niliogopa kutazama.

Mavyaa akafika, akaona kuta. "Mh! Pamependeza. Na moto?"

"Niliutoa siku tatu tu, Mama, nilipokuwa napaka chokaa."

Miezi mitatu nikaifanya siku tatu. Uongo wa kwanza huo, na mume wangu alikuwa kivukoni, hakuusikia. Akafurahi, akala, akalala.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kwetu mpunga hupandwa hapo, kabla mto haujapanda. Ukichelewa, maji yanakukuta huna kitu shambani. Akina Halima wakaondoka na ng'ombe wao kwenda malishoni mbali na mto, na mavyaa akaamka alfajiri kushusha mbegu.

Kichala cha kwanza akakisugua kiganjani. Ukatoka unga. Cha pili, unga. Cha tatu wakatoka fukusi wenyewe, wanene, wakamtembea mkononi. Akashusha vyote, kimoja kimoja, taratibu, mpaka uchaga ukawa mtupu. Akayavunja mahindi, nayo yametobolewa yote.

Akautazama moto. Unawaka. Akautazama uchaga. Upo. Akakitazama kiganja chake.

"Nimefanya nini mimi?" akauliza. Aliniuliza mimi!

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mume wangu amesimama pale, hata Mungu alikuwa ananingoja. Nami nikafungua kinywa changu cha darasa la nne, nikasema, "Labda hazikukauka vizuri, Mama, ulipozifunga."

Mungu wangu! Nikilikumbuka neno lile natamani nilitafune na ulimi wangu pamoja.

Akaamini. Hilo ndilo linaloniua. Angenibishia, angenitukana, ningepata pa kusimamia. Aliamini. Alisema, "Basi nimezeeka," akachukua ufagio, akafagia unga wa mbegu yake mwenyewe.

Mbegu ile aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Mpunga mwekundu. Nimeumaliza mimi kwa debe la kifuniko.

Ilibidi arudi Ozi kuomba mbegu. Mnajua maana ya kuomba ukweni? Mama wa mke kwenda kuinama kwa wakwe wa binti yake, yeye ambaye watu walikuwa wakimfuata mlangoni! Alienda. Akarudi na kikapu kimoja, mpunga mweupe wa watu. Tukachelewa kupanda. Mto ukapanda kama kawaida yake, haukutungoja, ukachukua zaidi ya nusu.

Mwaka huo tulikula tulichopata. Na mnakumbuka yale mayungiyungi yangu ya kopo, pambo la mezani? Mizizi yake ndiyo tuliyoichimba ziwani, tukaichemsha, tukaila. Sara akaniuliza kama siku hizi maua yameruhusiwa.

Lakini njaa hupita. Kilichobaki kikauma zaidi ni mavuno yaliyofuata. Wanawake hawakumletea mavyaa vichala vyao awafungie. Hakuna aliyemtukana, walipita tu mbali kidogo, kwa adabu, wakampelekea mwingine. Na yeye mwenyewe alipochagua mashuke yetu machache, alinipa mimi. "Funga wewe, mwanangu. Mkono wangu umekufa." Nilifunga. Na mbegu zile, jamani, hazikubunguliwa! Watu wakaanza kusema mkono wa mbegu umehamia kwangu. Nikasifiwa! Mwizi aliyepewa ufunguo wa ghala ndiye mimi.

Halima aliporudi kiangazi, aliingia, akauona moto, akaketi. "Mbegu iko?" Nikasema iko. Akasema, "Ya mama iko?" Nikajifanya natafuta kikombe.

Sasa sikilizeni Mungu anavyocheza na mtu. Mwezi uliopita nilinunua sukari kidogo, ya kunywa kweli sasa, sikuchagua karatasi. Nikafika nyumbani nikakunjua. Picha nyingine kutoka vitabu vile vile! Nyumba ya Ulaya ya mashambani. Ukutani pana moto mkubwa unawaka ndani ya nyumba, mawe yake meusi kwa masizi. Juu ya moto ule kuna mti mnene umelala, na kwenye mti yamefungwa mahindi. Mahindi, wasomaji! Na vitunguu, na majani makavu, vimening'inia vichala vichala. Chini yake kuna maneno ya Kiingereza. Kwa Kiingereza changu kidogo nikayaokota: wanasema huo ndio uzuri wa nyumba ya zamani, na kila mwenye nyumba aige.

Nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Ile niliyoibomoa ndiyo wenzetu wanayoipiga picha!

Mavyaa akauliza kuna nini. Nikampa karatasi. Akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya mahindi.

"Huyu," akasema, "ana mavyaa."

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu asubuhi ile. Nikacheka naye. Kisha akanirudishia karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Tena mkono wake ni mzima. Si kama wangu."

Usiku na mchana neno hilo halinitoki. Mara nne nimeenda kumwambia, mara nne nimerudi na mazungumzo ya kuni. Ndipo nikaona niandike gazetini. Kuwaambia watu wa nchi nzima ni rahisi kuliko kumwambia mama mmoja aliyekaa hatua tatu kutoka kwako. Huo ndio woga wangu, msinisifu.

Kwa hiyo nyinyi wenzangu mnaopenda picha za nyumba za watu, zitazameni, hakuna dhambi. Pakeni chokaa, shoneni pazia. Lakini picha haina harufu wala haina njaa. Mwenye picha hakuonyeshi anakula nini, wala mbegu yake anaiweka wapi. Kabla hujatoa kitu cheusi ndani ya nyumba yako, muulize aliyekiweka. Na ukishaharibu, usimpe mzee wa watu mzigo wa kosa lako kwa sababu tu ana heshima ya kuupokea.

Naandika haya nikiwa nimekaa karibu na mafiga. Zile kuta zangu nyeupe zimesharudi kuwa nyeusi. Picha ya mahindi nimeibandika pale, nayo inaanza kupotea kwa moshi.

Gazeti hili hutufikia kwa lori, limechelewa siku nyingi, na mume wangu huliokoa dukani kabla Omari hajalichana. Kila Jumapili baada ya ibada humsomea mama yake, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo. Siku zote hizi nimekuwa nikitafuta kazi ya kufanya mtoni wakati huo. Jumapili ya barua hii nitakaa. Jina langu sikuliandika, lakini wakifika kwenye debe, mavyaa hatalihitaji.