Sabufa Iliyokuwa na Aibu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya redio za magari pale Nachingwea, sikupewa bisibisi wala waya. Mkuu wa Karakana aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la saba, na la saba lenyewe la kuchechemea.

"Inatosha. Spika haijui Kiingereza. Lete kiganja."

Akanishika mkono, akauweka juu ya spika ya besi, ile tunayoiita sabufa. "Sukuma." Karatasi yake ikabonyea kama godoro. Akawasha amplifaya, mashine inayoipa sauti nguvu, lakini bila muziki. "Sukuma tena." Ikagoma. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma iliyotoka motoni.

"Hiyo ina sevo," alisema. "Ni spika yenye aibu. Ikikosea, inajirudi."

Nitaeleza kadiri nilivyoelewa, na huenda sikuelewa vizuri. Spika ya kawaida inasukumwa na koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi. Amplifaya inaiambia nenda, nayo inakwenda, lakini ikipitiliza hakuna anayejua. Ya sevo ina koili ya pili, ndogo, isiyosukuma kitu. Kazi yake ni kupeleka habari: ulisema twende hapa, tumefika pale. Amplifaya ikipata habari inairudisha mahali pake. Ndiyo maana ukiisukuma kwa mkono inakukatalia. Inadhani wewe ndiye kosa.

Nilikaa pale mpaka macho ya Mkuu yalipokataa kuona waya mwembamba na karakana ikafungwa. Nikahamia Ruangwa kwa Mwenye Duka, aliyeuza redio na kufunga muziki kwenye magari. Sabufa za sevo zilikuwa adimu, zilikuja ndani ya magari yaliyoagizwa na wenyewe hawajui walichonacho. Ruangwa niliikuta moja tu, kwenye pikapu ya Mwenye Duka mwenyewe. Alikuwa akiikodisha kwenye sherehe, hasa watoto wanapotoka jandoni.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wapiga ngoma. Mmoja wao alikuwa Mjomba wangu wa Malolo, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Pikapu ilipoanza kuitwa, yeye hakuitwa tena. Siwezi kusema ni kosa la mtu. Watu walitaka nyimbo za redioni, na mpiga ngoma anachoka, gari halichoki. Lakini fundi wa gari lile nilikuwa mimi.

Viungo vya vidole vyake vilipoanza kuvimba, nikaona niinase sauti ya ngoma yake kabla mikono haijakataa kabisa. Nikaenda na maikrofoni ya matangazo. Akaipasha ngoma motoni, akapiga, wanawake wa jirani wakamsindikiza kwa makofi na vigelegele. Nikaiweka kwenye memori kadi. Kesho yake nilimpandisha nyuma ya pikapu, nikamfungulia. Akaweka kiganja juu ya sanduku la sabufa.

"Mjomba, vipi?"

"Nyamaza kwanza." Akasikiliza, mara akacheka. "Hapo! Hapo mkono wa kushoto ulichelewa. Umesikia?"

"Sikusikia."

"Basi sanduku lako lina masikio kukushinda. Redio nyingine zingenificha. Hili linanisema. Ni mimi huyu." Halafu akaacha kucheka. "Mpwa wangu, nikifa wasikilizishe watoto. Lakini kwenye sanduku hili."

Nikamwahidi.

Msimu wa korosho ulipofika pikapu ikakodiwa kwenda Mandawa. Kijana aliyeikodi alisimama mlangoni pa duka, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Fundi, hii besi imekunywa uji wa mgonjwa? Sisi tunataka kuku waanguke bandani!"

Nikamweleza kwamba iko vile kwa sababu ni safi.

"Usafi kaoshee vyombo, mzee."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Mwenye Duka hakucheka. "Kata huo waya wa koili ndogo."

"Bosi, ukikatwa haitajirudi."

"Ndicho wanachotaka. Isijirudi."

Nikasita. Akachukua plaizi, akakata mwenyewe.

Nisimwonee. Vumbi la barabara ya Mandawa lilikuwa limeshaingia kwenye sanduku. Mara mbili tatu lilinyamaza katikati ya sherehe, na aliyetukanwa ni yeye. Mshahara wangu pia ulitoka kwenye pikapu ile. Na siku hiyo vijana walicheza kwa furaha ambayo sijaiona tena. Sauti ilivuma kweli, ila kila pigo lilikuwa mvumo uleule, kama lori linalopita. Nikajisemea ikiisha sherehe nitauunga waya. Sabufa haikufika huko. Koili ziliungua mchana uleule, zote mbili, na harufu yake ninaijua mpaka leo. Niliulizia sabufa nyingine ya sevo Ruangwa, nikarudi kuulizia Nachingwea kwa mafundi wote ninaowajua. Wengi waliniuliza sevo ni kitu gani.

Mjomba alifariki kabla sijaipata. Sijaipata mpaka leo, na kazi nimeshaiacha.

Vijana, siwalaumu. Spika zenu ndogo za simu hazihitaji fundi, na kwa nyimbo mnazozipenda zinatosha. Labda kazi yangu haikuwa na maana kubwa kama nilivyojidanganya. Nilisaidia kuzinyamazisha ngoma, kisha nikanyamazishwa na mimi. Sioni wa kumdai.

Juzi wajukuu walikuja na spika yao, imezidi kikombe kidogo tu. Nikawaambia waweke ile kadi. Makofi yakatoka safi, na vigelegele. Nikangoja pale mkono wa kushoto ulipochelewa. Hapakuwa na mkono.

"Babu," akauliza mdogo wao, "hawa wanampigia nani makofi?"

Nikamwambia ni Mjomba wangu, anapiga ngoma, sikiliza vizuri. Akainama, akaweka sikio kwenye spika, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema ndiyo, amemsikia.

Spika ile haiwezi kuitoa sauti nzito ya ngoma. Ni mtoto tu, ana adabu.