Nanunua Sarafu Feki Nikijua, Ili Nipate Mgeni

Admin, nifiche kabisa. Kitale ni ndogo, na kanisani kwetu watu wanasoma ukurasa huu hata mahubiri yakiendelea.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba. Babangu alitoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, nami nikauza vipuri vya trekta mpaka nikachoka. Mke wangu alifariki. Kijana wangu yuko Qatar, msichana yuko Nairobi, na wote wananipenda sana kwa simu. Nyumbani nimebaki na redio na kuku, na kuku ndio wanaonisikiliza.

Baada ya mazishi nilianza kwenda Bungoma, kwenye mnada wa sarafu za kale unaofanywa kila mwezi katika ukumbi wa kukodi. Huko utaona senti zenye tundu katikati na shilingi za fedha zenye simba, zote za enzi za mkoloni. Jicho la vipuri lilinisaidia, maana orijino na feki nilizitenganisha maisha yangu yote. Zikinitatiza natoa sumaku mfukoni, kwa sababu fedha hainaswi na sumaku. Wakaanza kuniita mtaalamu, nami nikavimba kichwa kidogo, sikatai.

Sasa, mnada wetu una utaratibu wake. Ukishinda, hupewi sarafu palepale, kwa sababu ukumbi una giza. Muuzaji anakuletea nyumbani, unaikagua kwenye jua, ukiridhika ndipo unalipa. Kwa hivyo ukishinda sarafu, umeshinda na mgeni pia.

Mgeni wangu ni muuzaji mmoja wa Myanga, nitamwita Wekesa. Siku ya kwanza, akiwa nje ananawa mikono, niliiwekea shilingi yake sumaku. Ikaruka, ikanasa. Feki! Niliibandua haraka, nikaificha sumaku, nikalipa. Ningeikataa angeondoka kabla chai haijachemka, na kiti kile kilikuwa hakijakaliwa na mtu tangu matanga. Badala yake alikula, akacheka vichekesho vyangu vya zamani, akanirekebishia hata mlango wa choo. Usiku huo nililala vizuri.

Tangu hapo nimenunua nyingine nyingi. Nimejaza mkebe mzima takataka zinazong'aa. Krismasi nilimpigia aje tu tule, bila sarafu yoyote. Huniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu chetu. Akanijibu, "Guka, wiki hii niko na kazi mingi bana. Lakini ukishinda ile ingine ya simba, mimi nakuja tu." Niliumia, jamani. Kisha nikaenda nikaishinda ile ya simba.

Shida imekuja mwezi huu. Kuna mwalimu mjane wa Kapsokwony ambaye ndio ameanza kuja mnadani. Anataka kununua shilingi ya Wekesa amwekee binti yake kama akiba, na ameshauza ng'ombe. Aliniambia mbele ya watu, "Baba, mimi hizi vitu sijui. Jumamosi kabla ya mnada uishike wewe. Ukisema iko sawa, nanunua." Picha ya shilingi hiyo nimeiona. Ni simba yuleyule wa feki zangu, mwenye mkia mnene ambao simba wa orijino hana.

Jumanne Wekesa akaja bila mimi kushinda sarafu yoyote mnadani. Mara ya kwanza! Moyo wangu uliruka, nikachinja jogoo. Alipomaliza kula akasema, "Guka, ile ya mwalimu, angalia tu vizuri. Usiniharibie."

Nikamuuliza kama anajua alichokuwa akiniuzia mimi.

Akashangaa kweli. "Si pia wewe unajua? Nilikuona na sumaku siku ya kwanza. Nikajua tunaelewana."

Alinishukuru kwa chakula, akawasha pikipiki, akaenda.

Najua wengi mtasema nimwambie mama wa watu ukweli. Hana kosa, na ng'ombe ameshaenda. Lakini nikisema, Wekesa hakanyagi tena mnadani, wala kwangu. Mtaniambia huyo si rafiki. Hilo nalijua kuliko nyinyi. Hata sasa nikiandika, pikipiki ikipunguza mwendo karibu na lango langu nanyanyuka kuchungulia.

Wenzangu, nishaurini na msinicheke. Jumamosi nikishikishwa ile shilingi, wote wakiningoja, niseme nini?