Mwaridi wa Mlangoni

Mtunza bustani alikuwa na dharau, na hakujisumbua kuificha. Kwake yeye watu walikuwa wa aina mbili: wanaojua kukata mwaridi, ambao alikuwa yeye peke yake, na waliobaki, wenye mikono ya kushikia vikombe vya chai. Miaka kumi na mmoja aliutunza mwaridi ulio mbele ya mlango wa ofisi: maji asubuhi, shinani, si kwenye majani, samadi iliyokaa mpaka ikapoa, na kila tawi akilikata mshazari, juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje. Karani akimwuliza siri yake, humjibu, "Hata nikikwambia, dada yangu, utanichosha bure."

Ikaja habari kwamba mkurugenzi wa makao makuu angewatembelea baada ya wiki saba. Meneja, bwana wa tai ndefu na akili fupi, akamwita.

"Siku hiyo nataka mwaridi uwe umechanua. Usipochanua, kesho yake usije."

Mtunza bustani akachukua mkasi, akaupogoa mwaridi mpaka vikabaki vijiti vitano vya urefu wa goti. Ndivyo unavyotakiwa: ukikatwa sana hutoa machipukizi mapya, na maua hutoka humo. Wiki saba zilimtosha kabisa. Lakini Meneja alipofungua dirisha akaona vijiti, alipandwa na mori.

"Mzee, umeniulia ua langu."

"Halijafa, bosi. Linajipanga."

"Basi na wewe kajipange nyumbani kwako."

Kazi akapewa shemeji yake Meneja, mtu asiye na mbele wala nyuma. Huyo aliumwagilia mwaridi asubuhi, mchana na jioni, akaurundikia mbolea ya chumvichumvi kama anayelisha ng'ombe. Machipukizi yakaungua, mizizi ikaoza. Habari zote zililetwa na mfagiaji wa ofisi, jirani yake mtunza bustani.

"Waache," alimwambia mkewe. "Siku ya mgeni wataumbuka, na watanipigia wenyewe." Alisema kwa madaha, lakini kazi ile aliitaka mno, unga wa ndani ulikuwa wa kukung'utwa. Siku yenyewe ilipofika alioga mapema, akavaa shati la kazi, akakaa na simu mapajani.

Alasiri akaja mfagiaji.

"Shemeji kafunga maua ya plastiki kwenye vile vijiti, kwa waya."

Mtunza bustani akasimama kwa furaha. "Mgeni kasemaje?"

"Kainama, kanusa, kafumba macho. Kasema yana harufu nzuri ajabu, na ofisi zote ziige."

Mtunza bustani alicheka, kicheko cha kuwatukana wote: Meneja, shemeji, na mkurugenzi pamoja na pua yake. Mkewe naye akacheka. Kisha mumewe akakaa tena. Wiki saba nzima alisubiri waumbuke ili wamrudishe, na hakuna aliyeumbuka.