Maharagwe ya Mbegu

Hata leo nikisikia harufu ya jivu lililolowa, naacha ninachofanya. Juzi jirani yangu hapa ploti, kwenye nyumba hizi za kupanga, alikuwa anaosha maharagwe aliyotumiwa kutoka nyumbani, yale yanayohifadhiwa kwa jivu yasiliwe na wadudu, na maji ya kijivu yakatiririka mpaka mlangoni pangu. Nikasimama tu na ufagio mkononi. Mawazo yalikuwa yamenirudisha kijijini Bahati, nje ya Nakuru, kwa shosho, bibi yangu aliyenilea, nikiwa kidato cha pili. Sijui kama nitaeleza sawasawa, maana mimi si mtu wa kuandika sana, lakini nitajaribu nisimwonee mtu.

Shule yetu ilikuwa Nakuru mjini, na kila mwanafunzi alitakiwa afanye kazi ya kusaidia jamii, apewe alama za kuingia kwenye ripoti. Wengine walifagia soko. Darasa letu lilipangiwa kulimia wazee wasio na nguvu. Madam Jeruto, aliyetufunza kilimo, aliniita kando akaniuliza kwa upole kama shosho angekubali, maana alijua mgongo wake umeharibika. Nikapeleka ujumbe. Shosho akasema, “Waje. Mgeni hafukuzwi.”

Asubuhi ya siku yenyewe niliamshwa na hiyo harufu. Alikuwa ameinama juu ya karai, anaosha maharagwe ya mbegu, yale aliyochagua moja moja wakati wa kuvuna. Hatukuwa na mengine.

“Shosho, si hayo ni ya kupanda?”

“Watu watoke mjini wanilimie, warudi na njaa? Nitaitwa nani hapa?”

“Na mvua ikinyesha tutapanda nini?”

“Mungu hajalala. Leta kuni.”

Nikaleta kuni.

Basi la shule lilifika na kelele zake. Nataka niseme ukweli: walifanya kazi. Brayo wa Milimani, mtaa wa matajiri, aliyeshika jembe kama mtu anayechokora dari, ndiye aliyelima zaidi ya wote mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi nilikuwa nimeanza mstari wangu shosho akaniita. “Weka hiyo jembe chini. Wewe ni mwenyeji. Kuja upakue.”

“Ciku!” Brayo akapiga kelele. “Kwani kupakua pia ni alama?”

“Muache,” mwingine akajibu. “Huyo ni meneja.”

Walicheka, na mimi nikacheka, ingawa alama nilikuwa nazitaka kama wao.

Madam alipoona sufuria alishtuka. “Shosho, usingejisumbua! Tumebeba mkate.”

“Huo mkate mtakula njiani.”

Basi wakakaa kwenye nyasi wakala githeri, mahindi yaliyochemshwa pamoja na yale maharagwe. Nyuma yao udongo ulikuwa mweusi, umepinduliwa vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Brayo akarudi na sahani. “Shosho, ongeza kidogo. Hii yako ni moto!” Shosho akaniashiria, nikaongeza. Kila nilipotia mwiko nilikuwa naona mashimo ya shamba yakikosa kitu cha kuwekwa. Neno moja tu kwa Madam lingetosha. Alikuwa mtu wa huruma, nafikiri angeleta mbegu Jumatatu. Nilimwangalia shosho. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amefunga kitambaa cha kanisani, anauliza kila mmoja kama ameshiba. Sijawahi kumuona amenyooka hivyo. Nikameza hilo neno.

Mvua ikaja. Tulipanda mahindi peke yake, na katikati ya mistari pakabaki wazi. Msimu huo tulikula ugali na managu, mboga za kuokota kando ya njia. Jirani yeyote pale kijijini angetupatia mbegu, lakini shosho hakuomba. Siku moja Madam alipita kuangalia kazi ya wanafunzi wake. “Mbona hukuchanganya na maharagwe, shosho?”

“Mwaka huu nimepumzisha udongo, mwalimu, wadudu wa maharagwe wafe njaa.”

Madam akavutiwa sana. Alikuja kutufundisha hivyo darasani, jinsi wazee wanavyopumzisha udongo, na sisi sote tukaandika. Hata mimi, na njaa yangu.

Nilimkasirikia shosho mwaka mzima. Niliita hiyo kiburi, na labda ilikuwa. Sisemi alifanya vizuri, kwa sababu na mimi nililipia kwa tumbo langu bila kuulizwa. Lakini nilikuwa mtoto, nilidhani siku ile watu walikuja kumpa kitu. Sikuelewa kwamba kuna kitu pia walikuwa wanamnyang'anya bila kujua, na kwamba alikipigania kwa silaha aliyokuwa nayo.

Nilielewa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Akina mama wa kanisa walikuja kunifulia nguo. Nilikuwa sijaweza hata kusimama vizuri. Wakanikuta nimeshika ukuta, nawachemshia chai.

“Wewe, rudi kitandani!” wakanigombeza.

“Kaeni kwanza,” nikawaambia. “Mnywe.”