Tangi la Pikapu ya Landilodi

Enzi zetu pale Gatina, gari moja lilitosha ploti nzima ya wapangaji. Pikapu ya Mzee Karanja, landilodi wetu, tulijificha nyuma yake tukicheza brikicho, na kina mama walianika blanketi juu yake. Kila Jumamosi jioni mzee aliiosha mwenyewe, mpaka chini ya tumbo, ili Jumapili ifike kanisani inang'aa. Vijana wa leo hupiga picha na magari ya watu na kuandika "Mungu ni mwema". Sisi tulijitazama tu kwenye mlango wake, nyuso ndefu kama papai, tukacheka tukaenda zetu.

Lakini kila Jumapili petroli ilikuwa imepungua. Mzee akaamua mwizi ni Baba, kwa ushahidi kwamba chumba chetu ndicho kilichokuwa karibu na gari.

"Baba Nekesa, petroli yangu unaipeleka wapi? Na huna hata pikipiki!"

"Sasa mzee, si umejijibu?"

Majirani walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichotuponza: tuliambiwa mwezi ukiisha tuhame. Mama akaanza kufunga vyombo, nami nikajua shule ndiyo basi.

Harufu ya petroli ilipofika mpaka jikoni kwa mzee, fundi akaitwa. Aliamuru majiko yote yazimwe, tukala githeri baridi tukinung'unika. Akamwaga petroli kwenye mitungi, akachomoa mipira ya kupitishia petroli, akaweka jeki na ubao chini ya tangi, akalegeza mikanda ya chuma na kulishusha polepole. Chini palikuwa na tundu la kutu, na kando yake kipande cha sabuni.

"Nani alipaka hii sabuni?" fundi akauliza.

Mzee akakohoa. Mkewe, aliyekuwa ametupanga watoto wote foleni kutuhoji kwa sababu sabuni ilikuwa ikipotea bombani, akainama kutazama, akamgeukia mumewe.

"Ghai! Baba Njeri, si hii ni ile yangu ya bluu?"

Kumbe kila wiki mzee aliziba tundu kwa sabuni kwa siri, kisha Jumamosi, akiosha gari, akaisugua sabuni yake mwenyewe mpaka ikabanduka. Petroli ikadondoka mchangani usiku kucha, na Jumapili mwizi akapatikana. Tulicheka mpaka Mama akatufinya.

Tangi liliporudi kutoka kuchomelewa, fundi alitaka watu wawili wa kulishikilia juu akifunga mikanda. Majirani wote walikumbuka sufuria zao jikoni, ingawa majiko yalikuwa yamezimwa. Baba akalala chini ya gari. Mzee, na suruali yake ya kanisani, akalala upande wa pili. Pua zao zilikaribia kugusana.

"Inua kidogo, Baba Nekesa."

"Nimeinua, mzee."

Ni hayo tu. Habari ya kuhama haikutajwa tena, na Mama akafungua vyombo.

Mwaka huu tumemzika Baba. Mtoto wa mzee, ambaye sasa ana ghorofa na kamera mahali pale, aliandika kwenye kundi la simu kwamba familia yao ilimwamini Baba siku zote. Watu wakaweka picha za mishumaa. Nilisoma, nikazima simu.

Sitadanganya kwamba zamani watu walikuwa wema. Baba alikufa bila kuombwa msamaha. Lakini enzi zetu, aliyekusingizia ilibidi alale mavumbini mbele ya ploti nzima, abebe upande wake wa tangi, akutazame machoni. Siku hizi angetuma mshumaa.